Wiki nzima kwenye boti ya kuzamia Bahari ya Shamu: nichukue kabini ipi, na nyumbani Dodoma watanipataje?

MamaWawili_Kisasa

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu, maana hapa Dodoma watu wa kuwauliza haya mambo ni wa kuwatafuta kwa tochi.

Mi nilijifunza kuzamia kipindi nafanya kazi Unguja, kwahiyo Nungwi na Mnemba nimezamia sana, na Mafia pia, ila siku zote ilikuwa boti ya asubuhi, mchana mmerudi, usiku unalala kitandani kwako. Sasa mwezi wa kumi mimi na shoga yangu tuna nafasi kwenye boti ambayo mnalala humohumo wiki nzima, upande wa Misri, inatoka Port Ghalib inaenda visiwa vya Brothers, halafu mwamba wa Daedalus, halafu mwamba wa Elphinstone ndo inarudi. Hii safari nimeiwekea akiba muda mrefu na nataka iende vizuri.

Ofisi ya boti wametutumia mchoro wanasema tuchague mapema. Za chini kabisa ndo rahisi, zimebaki mbili, moja mbele kabisa na nyingine katikati karibu na ngazi. Kuna moja deki kuu, iko nyuma ya ukumbi wa kulia. Na kuna za juu zenye dirisha kubwa, hizo kila mtu anaongeza kama dola 250. Shoga yangu ameng'ang'ania ya juu kwa ajili ya dirisha. Mimi boti ya Dar na Unguja ikinikuta kipindi cha kusi natapika mwanzo mwisho, kwahiyo naogopa kulipa hela ndefu halafu wiki nzima nikumbatie ndoo.

La pili ndo linaninyima usingizi kabisa. Watoto nawaacha na mama yangu, anatoka Mpwapwa anakuja kukaa kwangu. Mdogo ana pumu. Na mama mwenyewe akinipigia mara mbili asinipate presha inapanda, anaanza kupigia ukoo mzima. Kwenye tangazo wameandika Wi-Fi ipo, je niitegemee au ninunue laini ya Misri? Kuna mtu kaniambia nikodi simu ya satelaiti, mwingine anasema ninunue kale kadude kadogo ka kutuma meseji kwa satelaiti. Sijui nishike lipi.

Kijana_wa_Kilindoni

Dada hongera, hiyo njia uliyochagua ni nzuri mno. Mi ni mtu wa Mafia, nimefanya kazi kwenye boti za kuzamia kabla sijahamia Dom, na Misri nimefika. Hakikisha tu kitabu chako cha kumbukumbu za kuzamia kiko sawa, boti nyingi za njia hiyo zinataka uwe na daivu 50, yaani umeshazamia mara 50, ndo wakupeleke, kule kuna mkondo na ukuta unashuka mbali sana.

Tuje kwenye kabini. Kabini unaitumia usiku, na usiku ndo boti inasafiri. Mchana uko majini, au uko deki unakausha wetsuti (nguo ya kuzamia), au umekaa ukumbini unasikiliza maelezo ya daivu inayofuata. Kwahiyo usichague kwa kuwaza saa saba mchana boti imefungwa kwenye mwamba imetulia, chagua kwa kuwaza saa nane za usiku mko katikati ya bahari. Saa nane za usiku hilo dirisha la dola 250 linakuonyesha giza.

Na boti haiyumbi sawasawa kila mahali. Pametulia katikati na chini, ukipanda juu unabembezwa zaidi, ukienda mbele unarushwa na kubwagwa. Bahari ya Shamu upepo sehemu kubwa ya mwaka unatoka kaskazini, na nyie kutoka Port Ghalib kwenda Brothers mnaelekea huko huko kaskazini, maana yake usiku wa kwanza kabisa, mwili haujazoea, mnakula wimbi la usoni. Kwa mtu anayetapika kama wewe ya juu ndo ya mwisho kuifikiria. Ile ya mbele chini nayo iache hata wakikupunguzia bei, ukuta wake unapinda kufuata umbo la boti kwahiyo vitanda vinabanana miguuni, maji yanagonga pembeni ya sikio usiku kucha, na alfajiri mabaharia wanakanyaga juu ya kichwa chako wakifunga kamba na kushughulika na nanga.

Mi ningechukua ya chini katikati, wala sifikirii mara mbili. Hela iliyobaki lipia naitroksi (hewa ya kuzamia yenye oksijeni zaidi) na bakshishi ya mabaharia.

Mzee_Injini

Binti yangu, salamu kutoka Hombolo. Nimekaa vyumba vya injini vya meli za mizigo mpaka nikastaafu, sasa nalima zabibu. Kijana wa Kilindoni kasema kweli kuhusu kuyumba, ila kuna vitu viwili kavipita haraka.

Cha kwanza kelele. Kwenye boti injini kubwa ikizimwa jenereta inabaki, hiyo haizimwi maana ndo inaendesha viyoyozi, jiko na mashine ya kusafisha maji ya chumvi. Na boti ya kuzamia ina kompresa ya kujaza mitungi ya hewa, ambayo kila mkitoka majini inawashwa. Usikubali jibu la "kabini zetu zote ni tulivu". Waambie wakuwekee alama kwenye huo mchoro, chumba cha injini kinaanzia wapi, jenereta iko wapi, kompresa iko wapi na bomba la moshi linatokea wapi. Kabini iliyogusana ukuta na chumba cha injini utaisikia mpaka kwenye meno, na godoro linakuwa la moto hata kiyoyozi kikiwaka. Hiyo ya deki kuu uliyosema iko nyuma ya ukumbi inaweza kuwa nzuri sana au mbaya sana, inategemea nyuma yake kuna nini.

Cha pili, na hapa niwie radhi naongea kama mzazi, ni mlango wa kutokea. Tarehe 2 Septemba 2019 boti ya kuzamia inayoitwa Conception iliungua usiku huko California, watu 34 waliokuwa wamelala chini wakafa wote, na waliopona ni mabaharia watano waliokuwa wamelala juu. Chini kulikuwa na ngazi na tundu la dharura, lakini vyote viwili vilitokea kwenye ukumbi uleule uliokuwa unawaka moto. Wachunguzi wa Marekani walisema hakukuwa na mlinzi wa kuzunguka usiku, na nahodha alifungwa miaka minne. Halafu Novemba 2024 boti ya Sea Story ilitoka hapo hapo Port Ghalib unapoondokea wewe, alfajiri yake ikapinduka na kuzama, watu wakanasa ndani ya kabini. Waokoaji siku ya pili waliwakuta baadhi wakiwa hai humo ndani. Wengine hawakubahatika.

Sikuambii usiende. Mimi bahari imenilea na ningekuwa na umri wako ningekuja na mimi. Nakuambia uulize: kutoka kabini yangu kuna njia mbili za kutokea, na hizo njia zinafika sehemu mbili tofauti? Usiku nani anakesha anazunguka? Betri za kamera na taa zinachajiwa wapi, nani anaziangalia? Boti ambayo inaruhusu watu wachaji betri kwenye kabini huku wamelala, mimi hela yangu siiachii.

Ukifika, jioni ya kwanza kabla hujafungua begi, toka kabinini kwenda nje ukiwa umefumba macho, mkono mmoja ukutani, hesabu milango na ngazi. Rudi, fanya tena kwa kupitia ile njia ya dharura, kifuniko ukifungue kwa mkono wako mwenyewe uone kama kinafunguka na kama hakijawekewa godoro au masanduku juu. Jaketi okozi lijue lilipo. Tochi ndogo ya kuzamia lala nayo mkononi.

Ushauri wangu ni deki kuu. Ukifungua mlango uko nje.

Kijana_wa_Kilindoni

Mzee shikamoo. Hapo kwenye deki kuu sibishi, na kuyumba kwake sio kubaya kama juu. Ila aulize kweli kuhusu kompresa maana boti nyingi za Misri vyote viko kwenye boti moja, mitungi inajaziwa palepale deki ya nyuma. Maldivi ndo nilipenda, kule mitungi na kompresa vinakaa kwenye dhoni, ile boti ndogo inayowafuata, kwenye boti kubwa mnalala kimya.

Dada, kati ya ya chini katikati na ya deki kuu, amua ukishapata majibu ya mzee. Ya juu bado nasema hapana.

Tausi_AreaC

Mama pole na hongera kwa pamoja. Mi nikuongelee mawasiliano maana kabini wameshamaliza.

Neno "Wi-Fi ipo" lisikupe moyo kabla hujajua ni Wi-Fi ya aina gani. Kuna boti zina kifaa chenye laini ya kawaida ya simu, hiyo inafanya kazi mkiwa karibu na pwani tu, mkienda mbali baharini inakufa pamoja na simu yako. Na kuna boti zimefunga satelaiti, hizo mnaweza kupata mtandao hata katikati ya bahari, ila nyingine wanauza kwa kifurushi, nyingine wanazima saa fulani, nyingine inatosha meseji tu na ukijaribu video watu wote mnakwama. Kwahiyo waandikie swali moja lililonyooka: Brothers na Daedalus kuna mtandao au hakuna? Jibu waliandike kwenye barua pepe.

Maana Brothers ni kama kilomita 60 kutoka pwani na Daedalus ni mbali zaidi, laini ya Misri hata uwe na bando la kufa mtu haitakusaidia kule. Elphinstone ndo iko karibu na pwani, hapo simu inaweza kuanza kushika. Laini ya Misri nunua au weka eSIM (laini isiyo na kadi), inakufaa Port Ghalib kabla ya kuondoka na siku mnarudi, ni rahisi kuliko rominga. Laini yako ya nyumbani usiitoe kabisa, iache ndani data ikiwa imezimwa, zile namba za uthibitisho za benki zinakuja huko na unaweza kuzihitaji kama mama ataishiwa hela.

Simu ya satelaiti kwa Misri achana nayo. Ukiingia nayo bila kibali cha serikali yao wanaweza kuichukua uwanja wa ndege, na kale kadude kadogo ka meseji mi nisingekabeba bila kuwa na uhakika wa maandishi. Boti yenyewe ina redio na vyombo vyake, hivyo ndo vitumie.

Sasa sikiliza kitu cha maana zaidi. Wewe unawaza utampataje mama, mi nataka uwaze mama atakupataje. Boti ina ofisi nchi kavu na hiyo ofisi ina namna ya kuongea na nahodha. Omba namba ya ofisi inayopokelewa hata usiku, uwaulize familia yangu ikipiga kuna dharura ujumbe unanifikia kwa njia gani na unachukua muda gani, na je wanaopokea wanaongea Kiingereza. Halafu namba hiyo usimpe mama, mpe mtu mmoja mwenye utulivu, kaka au rafiki wa kazini, anayejua Kiingereza. Mama akiwa na shida anampigia huyo wa Dodoma, huyo wa Dodoma ndo anapiga Misri. Kwenye karatasi yake weka jina la boti, njia, tarehe, namba ya kabini, jina kamili la shoga yako na namba ya bima yako ya kuzamia, na ubalozi wetu wa Cairo pia. Mtu akiwa amechanganyikiwa saa tisa usiku hawezi kuanza kuchimba WhatsApp.

Na mama usimwahidi simu ya kila siku. Ukimwambia ntakupigia kila jioni halafu jioni ya pili kimya, hapo ndo presha. Mwambie mapema kabisa kwamba kuanzia siku fulani usiku mpaka siku fulani mchana sitapatikana, simu itasema haipatikani na hiyo ndo kawaida, nikipata mtandao ni zawadi. Mchoree kwenye kalenda ya ukutani. Mi nilimwachia bibi yangu voisi za kila siku kwenye simu ya mdogo wangu, nilizirekodi kabla ya safari, kila jioni anawekewa moja. Alizipenda sana.

Saa zetu na za Misri mwezi wa kumi zinalingana, ila Alhamisi ya mwisho ya mwezi wanarudisha saa moja nyuma, angalia kama mtaangukia hapo msije mkakosana muda.

Nesi_Makole

Dada yangu mi kuzamia sijui, ila hapo kwenye mtoto wa pumu ngoja niseme. Hata boti ingekuwa na mtandao wa kasi gani, wewe uliye baharini huwezi kumsaidia mtoto aliyebanwa kifua Kisasa. Wa kumsaidia ni bibi, kwahiyo nguvu nyingi weka hapo. Bibi afundishwe kabisa kupuliza dawa kwa kutumia lile chupa la kuvutia, afanye mbele yako, sio aangalie tu. Weka dawa ya akiba, moja chumbani moja kwenye begi la shule. Mwandikie kwa herufi kubwa dalili za kukimbiza hospitali: mtoto hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, midomo inabadilika rangi, au amepuliza na hapati nafuu. Hapo asisubiri kukupata wewe, asisubiri mtu yeyote, ni gari na hospitali ya Benjamin Mkapa au General, iliyo karibu na gari ilipo. Bodaboda au bajaji hapana, muandalie dereva wa gari anayejulikana, namba yake iandikwe ukutani, na ameshalipwa kitu kidogo kwamba wiki hiyo yuko tayari usiku.

Kadi ya bima ya mtoto, nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua yako kwamba bibi au kaka yako anaruhusiwa kusaini matibabu, vyote kwenye bahasha moja. Na mama mwenyewe dawa zake za presha zitoshe wiki tatu, watu wakija kulea wajukuu wanasahau dawa zao Mpwapwa.

Wewe na kutapika kwako: dawa za kichefuchefu cha safari nyingi zinaleta usingizi, na kuzamia ukiwa na usingizi sio salama. Muone daktari mapema, ijaribu ukiwa nyumbani siku ya mapumziko uone inakufanyaje. Inywe kabla boti haijaanza kuyumba, ukishaanza kutapika unaitoa na yenyewe.

Kijana_wa_Kilindoni

Hapo nesi amenikumbusha. Dada baada ya daivu ya mwisho usipande ndege kabla ya saa 18 kupita, naitrojeni itoke mwilini kwanza, wengi tunasubiri 24, boti nayo kawaida inaacha hiyo nafasi. Na hii ni ya sisi watu wa Dom hasa: hata ukizamia Unguja au Mafia, kurudi hapa kwa gari au treni ya SGR unapanda zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Mwili haujali umepandaje. Pumzika pwani kwanza ndo uje.

MamaWawili_Kisasa

Jamani asanteni, sikutegemea nipate majibu yenye uzito hivi. Mzee wangu wa Hombolo shikamoo sana, maswali yako nimeyatuma kama yalivyo.

Ofisi wamejibu leo. Kompresa iko deki ya nyuma upande wa kushoto, kabini ya deki kuu iko kulia na katikati kuna stoo na choo cha wageni, jenereta iko chini yake lakini nyuma zaidi. Mlango unatoka moja kwa moja kwenye ujia wa nje. Za chini zina tundu la dharura linalotokea deki ya mbele, mbali na ngazi, na wamenitumia picha. Mlinzi wa usiku yupo na kuchaji ni kwenye meza ya deki tu, kabinini marufuku. Shoga yangu alisoma habari za Sea Story akanyamaza muda, halafu akasema basi deki kuu. Tumeilipia.

Wi-Fi ni ya laini ya simu. Wamekiri wenyewe kwamba Brothers na Daedalus hakuna kitu, ila nahodha ana simu ya satelaiti ya boti na anaongea na ofisi asubuhi na jioni, ujumbe wa dharura unaletwa hata mkiwa kwenye zodiaki (boti ndogo ya mpira). Kwahiyo mtu wangu wa Dodoma atakuwa kaka yangu, yuko Ipagala na usingizi wake mwepesi. Jumamosi nakaa naye pamoja na mama tuipitie ile karatasi, na dereva anakuja hapohapo aione nyumba.

Tausi, hizo voisi za bibi ulikuwa unasema nini ndani? Nataka nianze kurekodi za watoto, mdogo anapenda habari za kasa.

Tausi_AreaC

Mi nilikuwa namwambia leo tunazamia wapi na kuna nini huko. Njia niliijua kwa hiyo niliweza. Kwa Brothers waambie watoto kuna mnara wa taa uliojengwa na Waingereza miaka ya 1880, na chini ya maji kuna meli ya Numidia iliyozama mwaka 1901, imeota matumbawe mwili mzima. Kasa usimuahidi siku maalum, mweke kwenye voisi ya Elphinstone.